Matembezi Yetu Bondeni Msimbazi

Wiki ile baba alikuwa amekwisha kunihukumu. Shuleni nilipangiwa kupalilia shamba la mihogo, nami nikang'oa mihogo nikayaacha magugu, kwa sababu magugu yalikuwa yamejitahidi zaidi. Mwalimu hakuielewa hoja hiyo. Baba naye akatamka kwamba kosa moja tu jingine, hata dogo kama punje ya mtama, na Jumanne ninaondoka na bibi kwenda Uchagani, nikamkatie ng'ombe majani alfajiri kwenye baridi mpaka akili inirudie.

Bibi, yaani mama yake baba, alikuja Kariakoo kututembelea na kwa siku kumi hakuona cha kusifu. Joto, kelele, familia sita choo kimoja. Baba, kwa kuutetea mji, akamwahidi kwamba Jumapili tukitoka misa tutakwenda wote kutembea kando ya korongo la mto.

Korongo lenyewe ni bonde la Msimbazi. Sasa bibi amezaliwa mahali ambapo mbuzi akiteleza korongoni, unamsikia analia asubuhi na kishindo chake unakipata jioni. Tulipofika pale Jangwani akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Korongo liko wapi?"

"Tumo ndani yake, mama," baba akajibu.

Bibi alimpapasa baba mgongoni kama mtu anayempa pole mfiwa.

Njia ilikuwa nyembamba, mto huku, matuta ya mchicha kule, ikabidi tufuatane mmoja mmoja. Bibi mbele na mkongojo wake, kisha baba akionesha yangeyange, wale ndege weupe, kana kwamba amewafuga mwenyewe, kisha mama na kikapu kilichofunikwa kanga, kisha dada yangu mdogo, na mimi mkiani.

Miezi ile sukari ilikuwa haionekani na sabuni imebaki hadithi. Mtu wa Kariakoo akiona watu wamefuatana na kikapu, haulizi. Anasimama kwanza nyuma yao, maswali baadaye. Basi mama mmoja aliyekuwa akimwagilia mchicha akatua ndoo, akaja nyuma yangu, akaninong'oneza, "Mwanangu, wanatoa nini huko mbele?"

Hapo ningeweza kuyamaliza yote kwa neno moja.

"Sijui, mama. Mimi namfuata aliye mbele yangu."

Si uongo. Ukiitazama vizuri, ni karibu na sala. Lakini yeye akaona ninaficha, na kinachofichwa ni sukari. Nyuma yake akaingia mtu wa baiskeli, nyuma ya baiskeli wakaja kina mama watatu waliokuwa wakipita zao. Mmoja wao akakumbuka sufuria aliyoiacha motoni, akaweka jiwe limshikie nafasi kama tunavyofanya dukani, akakimbia. Na kwa kuwa foleni hii ilikuwa inatembea, ikabidi jirani yake alibebe jiwe.

Baba alipogeuka kutuonesha kona nzuri ya mto, aliona watu kama arobaini, na jiwe.

Akawaeleza ukweli, kwamba hatuendi popote, tunatembea tu. Hakuna jibu baya kama hilo.

"Ndugu," akasema mtu wa baiskeli, taratibu kabisa, "familia nzima, na kikapu, halafu hamwendi popote?"

Mama wa mchicha akaongeza kwamba hata kijana huyu alisema anamfuata wa mbele. Baba akanitazama. Nilianza kuusikia ule ubaridi wa Uchagani kwenye vidole vya miguu.

Bibi akauliza hawa wote wanataka nini, akaambiwa wametufuata. Kwao, aliyekufuata njiani hatoki mdomo mtupu. Akaketi kwenye tuta, akafunua kikapu, akaanza kugawa ndizi mbivu alizokuja nazo mwenyewe, ambazo ndizo zilikuwa chakula chetu cha mchana. Zilipopungua akakata nusu, kisha robo. Jiwe nalo lilipata robo yake. Watu walishukuru sana, na wachache wakauliza mgawo mwingine ni lini.

Tulirudi na njaa. Tulipofika mlangoni baba akanigeukia.

"Jumanne," akaniambia. "Panga nguo zako."

"Simchukui," bibi akasema.

Baba akamkumbusha kwamba walikwisha kukubaliana.

"Kule maji ya mfereji tunayapata kwa zamu. Huyu akikaa wiki moja, kijiji kizima kitajipanga kwenye mfereji mkavu, kila mtu na jiwe lake. Kaa naye huku huku, mmeshazoea."

Basi nikabaki. Jumanne tulimsindikiza bibi kwenye basi, tukifuatana kama kawaida yetu. Safari hii baba aliniweka mimi mbele. Mwisho alitembea yeye mwenyewe, na kila baada ya hatua tatu akawa anageuka kutazama nyuma.