Barua Isiyoanza na Buheri wa Afya

Miaka mingi Mwalimu Mildred amefundisha Kiswahili katika shule moja ya mtaa wa mabanda wa Laini Saba, na hakuna karatasi zilizomchosha kama za barua ya kirafiki. Gredi ya Tisa nzima ilianza vilevile: "Natumai u buheri wa afya. Mimi ni mzima kama kigongo." Kigongo! Mtoto amepiga chafya wiki nzima, bado ni kigongo. Alama zilikuwa sita, saba, kwa ishirini. Lakini angemlaumu nani, na yeye mwenyewe ndiye aliyewakaririsha?

Aliyemuuma roho zaidi ni Celine. Huyo aliandika anwani, tarehe, "Rafiki mpendwa", halafu basi. Ukurasa uliobaki ulikuwa mweupe.

"Mbona huandiki, mami?" Mildred alimwuliza.

"Ticha, niandikie nani? Sijawahi pata barua hata moja. Huku watu hupigiana simu tu."

Swali hilo likampa Mildred wazo. Rafiki yake Ndinda alifundisha mtaa wa Kawangware, karibu na kituo cha matatu cha 56. Wakakubaliana kila mtoto wa huku apate mwenzake wa kule, na Mildred mwenyewe, pamoja na mguu wake unaouma, awe tarishi kila Jumamosi, kwa miguu. Barua za kwanza zilikuwa vigongo vitupu. Majibu yalipofika, mambo yakabadilika. Utamwandikiaje kigongo mtu anayetaka kujua kama kweli treni hupita mlangoni kwenu? Watoto wakaeleza treni, wakaeleza bati linalovuja na jirani mwenye redio. Hata Celine aliandika, mistari minne kwa msichana aitwaye Valerie. Mildred nusura aruke.

Valerie hakujibu. Familia yao ilikuwa imehama ploti waliyopanga, na hakuna aliyejua ilikoelekea.

"Ticha, yangu iko?" Celine aliuliza kila Jumatatu, mpaka siku moja akaacha kuuliza. Mtihani ulikuwa unabisha hodi, na Mildred aliona ule ukurasa mweupe ukirudi. Basi akajipinda, akabadilisha mwandiko, akajifanya Valerie. Alijaza ukurasa kuhusu saluni ya mama yake Valerie, mama asiyemjua.

Celine aliisoma barua, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sweta. Mildred alikosa amani. Aliona haya kumdanganya mtoto aliyempenda hivyo.

Katika mtihani wa majaribio waliambiwa wamshukuru rafiki kwa barua. Mildred alisahihisha karatasi za wengine wote, ya Celine akaiweka chini kabisa kwa woga. Alipoifungua, ilikuwa imejaa mbele na nyuma.

"Mpendwa Valerie,

Najua wewe si Valerie. Kawangware yote hakuna msichana anaweza kuanza barua na buheri wa afya. Ni ticha wangu pekee. Lakini sikukasirika. Nilifurahi kwa sababu mtu aliketi akanifikiria mimi, na nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Mimi si kigongo. Nilikuwa na homa lakini nimepona. Wewe je, ule mguu wako bado unauma ukitoka Kawangware?"

Mildred alicheka, akalia, akachafua karatasi ya mtahiniwa kwa machozi, kosa ambalo angemgombezea mwalimu mwingine yeyote. Akampa kumi na saba. Kisha akatoa karatasi safi ili ajibu, safari hii kwa jina lake.

"Mpendwa Celine," akaandika.

Kalamu ikasimama. Alikaa akiutazama ule weupe uliobaki, hajui aanzie wapi.