Maji ya Moto kwa Injini ya Nyanya

Leo asubuhi stima imepotea tena hapa Kisumu, na keateka, mtunzaji wa nyumba za kupanga za ploti yetu, alikuwa huko uani akivuta kamba ya jenereta. Ni mwezi wa saba, mvua imenyesha usiku kucha, na baridi ya ziwa imeingia mpaka kwenye vikombe. Anavuta, jenereta inakohoa. Anavuta tena, kimya. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nashuka ngazi na birika la maji ya moto mkononi. Keateka akaniangalia, akaliangalia birika.

"Madam, hii ni ya petroli. Hainywangi maji."

Nikarudi juu na aibu yangu. Cheka ukitaka, rafiki yangu, lakini kaa kidogo nikueleze birika lile lilitoka wapi.

Nyanya yangu alikuwa na kinu cha kusaga unga huko Usenge, karibu na ufuo wanakoanika omena, dagaa wa ziwa. Injini ilikuwa ya babu. Babu alipofariki, watu walisema mwanamke hawezi kuzungusha hendeli ile. Nyanya hakubishana nao, aliizungusha tu. Ilikuwa injini ndogo ya dizeli, gurudumu zito kila upande, na juu yake tangi la wazi la kutilia maji ya kuipoza. Kwenye mdomo wa bomba la moshi babu alikuwa amefunga mkebe wa bati, na injini ikishika, mkebe ulilia hu-hu-hu mpaka ng'ambo ya mashamba ya mtama. Ukiusikia, unapukuchua mahindi haraka, unachanganya na mihogo mikavu, unajitwika na kukimbia. Unga ulitoka kwenye kinu ukiwa moto, na sisi watoto tulikuwa tunazamisha mikono ndani ya beseni mpaka tukafukuzwa. Hadi leo sijapata kitu kizuri kama kile cha kuwekea mikono asubuhi ya baridi.

Maana baridi, kwetu, ilikuwa adui. Watu wa Nairobi hawaamini nikiwaambia kwamba Usenge kuna baridi, lakini wao hawajaamka kando ya ziwa mwezi wa saba, upepo unatoka majini na nguo za jana bado mbichi kwenye kamba. Injini iliichukia baridi kuliko sisi. Oili iliganda ikawa nzito kama uji wa jana, na hendeli ikakataa kuzunguka. Ndiyo maana palikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: msimu wa baridi, kila mama aliyekuja kusaga alikuja na mahindi kichwani na birika la maji ya moto mkononi. Aliyetangulia na maji ndiye aliyetangulia kusagiwa. Hapakuwa na foleni nyingine, na hapakuwa na ubishi.

Ila nyanya alikuwa na sheria yake. Jioni alimwaga oili ya injini kwenye sufuria kuukuu, asubuhi akaipasha moto mekoni na kuirudisha. Kisha maji. Kwanza ya vuguvugu, yakae kidogo, yafunguliwe yatoke. Halafu ya moto kiasi. Halafu ndiyo ya kuchemka. "Chuma ni kama mtoto mchanga," alisema, "humuogeshi na maji ya chai." Tangi lile lilikuwa na kovu ubavuni, mahali lilipopasuka enzi za babu likachomelewa, na nyanya alikuwa akilipapasa kovu hilo kila mara, bila hata kujua kwamba analipapasa. Mwisho alichovya tambara kwenye dizeli, akaliwasha na kulishika mbele ya mdomo wa kuvutia hewa ili injini ivute joto, huku mkono mwingine unazungusha. Inaguna, inakohoa, inatoa moshi mweupe, na mkebe unalia. Kina mama walipiga vigelegele kana kwamba kuna mtu amejifungua.

Halafu stima ikafika sokoni, na kinu cha stima nacho hakingoji kupashwa moto. Unabonyeza tu. Siwalaumu kina mama, hata mama yangu mzazi alikwenda huko, akipita njia ya nyuma ili nyanya asimwone. Wateja walipungua mpaka wakabaki vikongwe wachache waliosema unga wa stima hauna ladha. Injini nayo ilipokaa bila kazi ikazidi ukaidi, na mwaka huo baridi ilipoingia, ikakataa kabisa kuwaka.

Ndipo baba mdogo akaja kutoka Nyalenda, hapa Kisumu, yeye na mwenye pikapu anayenunua vyuma chakavu. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alimwona mama yake akikohoa juu ya hendeli kila asubuhi, na roho ilimuuma.

"Mama, hii kitu imekufa," alimwambia. "Wacha iende. Wewe pumzika."

"Nikipumzika nitakuwa nani?" nyanya akamuuliza.

Baba mdogo akamwangalia mwenye pikapu. Nyanya akasema, "Kesho asubuhi. Ikiwaka, inabaki na wewe unarudi na pikapu yako tupu. Ikikataa, beba."

Jioni ile habari zilishafika kwa waanika omena, na ukitaka jambo lienee Usenge, huhitaji redio. Asubuhi ilikuwa na ukungu mpaka ziwa halionekani. Tukaanza kuona watu wakitokea ndani ya ukungu, mmoja mmoja, wamejitanda leso, mahindi kichwani na birika mkononi. Walikuja wale vikongwe. Walikuja na wale wa kinu cha stima, macho chini. Jirani yetu, ambaye hakuwa amekanyaga kwa nyanya tangu stima ifike, alikuja na sufuria nzima ikifuka mvuke. Mama yangu alikuja. Nyanya alisimama mlangoni akiwatazama, kisha akasogea kando wapite. Nilikuwa na furaha mpaka nikashindwa kunywa uji.

Alianza kwa utaratibu wake. Oili ya moto. Maji ya vuguvugu. Akaijaribu kabla ya yale ya moto: tambara likawaka, hendeli ikazunguka, na mara ile ya kwanza injini ikaguna, ikapuliza moshi mweupe, mkebe ukalia hu! mara moja tu, ikazima. Unajua vigelegele vilivyopigwa? Hata mwenye pikapu alipiga makofi.

"Iko na hewa kwa pampu," nyanya akasema. "Mningoje." Akafungua maji ya vuguvugu yakatoka yote, akapiga magoti nyuma ya injini na spana yake, kulegeza nati ili dizeli isukume hewa nje. Tangi likabaki tupu juu, likipoa, na upepo unapita mlango hadi mlango.

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Sijui kama walifikiria na injini. Kila mama pale alikuwa na birika lake, na kila mmoja, nadhani, alikuwa na deni la moyo tangu siku aliyopita njia ya nyuma. Walitaka kusaidia na walitaka kusaidia sasa hivi. Mmoja akamimina. Wa pili akamimina, na jirani na sufuria yake, yote ya kuchemka, yote kwa pamoja. "Mos! Mos uru!" nyanya alipiga kelele kutoka chini, polepole, jamani polepole, lakini vigelegele vilikuwa vingi kuliko sauti yake.

Tulisikia mlio mdogo, kama wa sahani inayopasuka chumba cha pili. Kovu likafunguka. Maji yakashuka ubavuni yakifuka, yakaenea sakafuni juu ya vumbi la unga wa miaka yote ile, yakawa uji mwepesi miguuni petu.

Baba mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Mama, tutachomelea tena."

"Chuma hakichomelewi pahali pamoja mara mbili," nyanya akasema. Akainuka, akajipangusa magoti. Jirani alianza kulia na kujitetea, na nyanya akamkatiza. "Hapana. Hapa hakuna birika ya mtu ya kulaumiwa. Erokamano. Mmeniletea maji, asanteni." Kisha akaagiza maji yaliyobaki yatiwe majani, tukanywa chai ya rangi tumesimama pale pale ndani ya uji.

Kina mama wale wale waliibeba injini mpaka kwenye pikapu, kwa miti ya kuanikia nyavu, wakilia njia nzima. Siku ile hakuna aliyekwenda kwenye kinu cha stima. Walirudi na mahindi yao mazima, wakayachemsha na maharagwe, na jioni Usenge yote ilinuka nyoyo, ndivyo tunavyouita mchanganyiko huo. Kesho yake walikwenda sokoni kusaga. Wangefanya nini?

Nyanya aliishi miaka michache zaidi, na kila msimu wa baridi aliinjika maji alfajiri, akayaacha yachemke, akayaacha yapoe. Hatukuwahi kumuuliza ni ya nini. Tulipomzika, unga wa matanga ulitoka sokoni kwa magunia, mweupe na baridi. Banda la kinu lilikuwa limeshang'olewa mabati, palibaki sakafu tu yenye doa la oili.

Ploti yetu ina milango mingi, rafiki yangu, na asubuhi hii hakuna hata mmoja uliofunguka zaidi ya wangu. Keateka amevuta kamba yake mpaka amechoka, ameenda zake. Nyanya alivunjiwa injini na watu waliompenda, wakiwa wamejaa mlangoni. Hii jenereta yetu ikiharibika, itaharibika peke yake.