Siku Niliyomfungia Bokilo Wangu Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeusi vilivyong'aa kiasi kwamba ndege walishuka kujitazama. Nilikuwa nimeandikishwa kama kantonye, yaani mfanyakazi wa kutunza barabara, kwenye njia ya udongo inayotoka Kisangani kwenda Banalia. Nilidhani nitapewa kofia na filimbi. Shefu wa brigade, mkubwa wa kikosi chetu, mzee mfupi mwenye mabega mapana kama mlango wa kanisa, alinitazama kuanzia viatuni, akapanda mpaka kichwani, akarudi tena viatuni.

"Bon. Nani alikufa?"

"Hakuna mutu, Shefu."

"Alors, vua hivyo. Fose iko inakungojea."

Fose ni mfereji wa kando ya njia. Ninyi vijana mnaopita kwa pikipiki hamuuoni, ila barabara ya udongo inaishi kwa fose na kwa mgongo. Mgongo ni ule mwinuko wa katikati unaoteremsha maji pande zote mbili, na fose inayapokea na kuyapeleka porini. Ikiziba, maji yanabaki juu, lori linapita, na kesho yake mna burubie, shimo la matope. Nimeona burubie ikimeza lori zima na kubakiza honi. Asubuhi ile nilichimba mpaka mikono ikaota malengelenge makubwa kama ndimu, na kila nikiinua kichwa namwona Shefu mwenyewe upande wa pili wa njia, anachimba ya kwake.

Mchana mvua ikanyesha na barieri ikafungwa. Barieri ya mvua ni mti mrefu unaolazwa kukatiza njia na kufungwa kwa kamba. Wa miguu na wa baiskeli wanapita. Magari yanangoja ardhi ishike, kwa sababu lori moja kwenye udongo uliolowa linaharibu kazi ya mwezi. Ikafika jipi ya serikali, imetumwa kumchukua Shefu mjini. Dereva akapiga honi.

"Zima moteri," Shefu akamwambia.

"Lakini Shefu, enjenia anakungojea!"

"Na mimi ninangojea barabara."

Akakaa pale pamoja na wauza ndizi. Kila baada ya muda alisimama, akakandamiza kisigino katikati ya njia, akainua mguu na kutazama alama. Alama ikijaa maji, anarudi kukaa. Ikibaki tupu, kamba inafunguliwa. Hicho ndicho kilikuwa chombo chetu cha kupimia, na hakikuwahi kukosa betri.

Miaka ikaenda. Shefu akanipa barieri ya kusimamia mimi mwenyewe, na watu wa kufanya nao kazi. Mmoja wao, Bosco, alikuwa mbishi wa kubishana na jua. Ukisema chimba hapa, anataka kujua kwa nini si pale. Nilikuwa na sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto Aruwimi, lakini Bosco aliizoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani.

Wakati huo nilikuwa nimechumbia. Joséphine aliishi kwa baba yake mkubwa, komini ya Tshopo, mjini Kisangani, na mahari ilikuwa ipokelewe hapo Jumamosi alasiri. Baba yake mzazi, bokilo wangu, yaani baba mkwe, alitoka Banalia na lori kuja kuipokea. Mimi nilikuwa wa zamu mpaka saa sita, na suti yangu ilining'inia ndani ya kibanda cha barieri.

Alfajiri ya Jumamosi hiyo mbingu zilipasuka. Mvua ile hata samaki waliomba mwavuli. Nikafunga. Wa kwanza kungoja alikuwa Mama Régine, muuza samaki wa kukaushwa, aliyekuja na lori la kwanza. Akanisihi, akanitukana, akanisihi tena. Nikamwambia: "Mama, kwa barieri hii hakuna mkubwa."

Saa nne likafika lori la pili, na ndani ya kabini nikaona kofia ya bokilo wangu.

Akashuka taratibu. Nikamsalimu kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "fungua, twende. Watu wananingojea kwa kaka yangu."

"Papa, tungoje kidogo. Njia imelowa."

"Njia ya nani?"

"Ya wote, Papa."

"Aa! Donc mimi iko kama wote?"

Mama Régine akapiga makofi. "Tuone sasa! Kwa barieri hii hakuna mukubwa, tulisikia wote!"

Bosco alikuwa ameshika kamba. "Shefu," akaniuliza, na kwa mara ya kwanza hakubisha, "nifungue?"

Nikatazama watu wangu. Malori mawili yakipita, wao ndio wangetumia majuma wakifukia burubie kwa majembe, magoti ndani ya matope, kwa ajili ya arusi yangu. Nikatazama suti. Nikaenda katikati ya njia, nikakandamiza kisigino kwa upole kama ninayekanyaga mtoto, nikainua mguu. Alama ikajaa maji.

"Bado," nikasema.

Bokilo wangu akanigeuzia mgongo. Nikamkaribisha ndani ya kibanda, akakataa. Nikamletea kiti, akakaa juu ya gurudumu la akiba. Saa sita zamu yangu ikaisha, nikabaki hapo hapo, na kila nikienda kupima, alisonya. Kamba ilifunguliwa jua likielekea kuzama. Akapanda kabini na kuniambia kupitia dirishani: "Umeona barabara ni kubwa kuliko mimi. Bon, oa barabara."

Nilifika Tshopo nimevaa suti, na matope mpaka magotini. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Mahari waliyoipeleka wazee wangu ilirudishwa, na Joséphine hakuweza kumpinga baba yake. Nilituma wazee mara mbili, wakarudi wameinamisha vichwa. Baada ya mwaka aliolewa na mwalimu. Sitadanganya hapa, hata mimi ninayetia chumvi kila mahali: niliumia sana.

Jumatatu iliyofuata nilitoka kuwaambia watu wafukue fose, na sauti ikagoma kutoka. Nikachukua jembe tu. Nilipogeuka, Bosco alikuwa tayari anachimba nyuma yangu, na hakuuliza kwa nini hapa na si pale. Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kupiga kelele.

Baadaye walinipeleka njia ya upande wa Yanonge kama shefu wa brigade, kisha nikapanda kuwa konduktere wa kazi, msimamizi wa brigade kadhaa. Cheo hicho kilidai diploma, basi nikaipata kwenye shule ya jioni, nikikaa dawati moja na vijana walioniita tonton, yaani mjomba. Mwalimu aliandika ubaoni sifa zote za kiongozi bora, tukazinakili. Nilipata alama nzuri kiasi kwamba ubao wenyewe nusura unipigie saluti. Lakini sifa moja haikuwamo.

Hiyo niliipata kwa Clarisse, mke wangu. Tulipokuwa tunachumbiana nilimsimulia kisa cha bokilo, nikikipamba vizuri, kisigino, kamba, suti, nikingoja anisifu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja:

"Na wale watu wa kwa lori, uliwapa nini ya kula?"

"Kula?"

"Ee. Tangu asubuhi mpaka jioni. Yule muzee ametoka Banalia na usiku, hata chai hakunywa. Uliwapa nini?"

Kamba niliitazama, njia niliitazama, hata suti niliitazama. Tumbo la mzee wa watu sikulikumbuka.

Kuanzia hapo, kila barieri iliyokuwa chini yangu ilikuwa na sufuria ya maharagwe motoni. Wafanyakazi walipokezana zamu ya kupika, na wakati wa zamu yangu nilipika mimi. Kuni zilitulowea, moshi ulitutoa machozi. Wakubwa walifika wakiwa na hasira ya kuangusha miti, wakaambiwa bado, wakapewa sahani, wakakaa.

Sasa nimestaafu, na mashefu vijana huja kuniuliza jinsi ya kufanya watu wakutii. Nawaambia kuhusu kisigino, maana bila hicho hakuna barabara. Halafu Clarisse anatokea jikoni na kuwauliza kama wamekula, na mimi nawasogezea viti.