Upande Uliopigwa na Jua

Lamwaka hakuwa na macho ya kutegemea, lakini vidole vyake vilijulikana katika soko zima la Kalerwe. Lori la nyanya likishashusha mzigo asubuhi, wanawake wenzake huinama juu ya maboksi wakikodoa macho. Yeye hupenyeza mkono katikati ya mbao mpaka chini kabisa, akapapasa. Anatafuta kitu kimoja tu. Nyanya iliyopigwa na jua shambani huwa nzuri upande mmoja, na upande wa pili ina doa jeupe, gumu kama ngozi ya kiatu. Baada ya siku mbili doa hilo hulainika na kuozesha boksi zima. Wauzaji wa jumla wanajua, kwa hiyo huipanga doa likitazama chini. Kidole cha Lamwaka hulipata tu. "Hii imeungua," husema, na hapo ndipo maneno ya bei yanapoanza.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, kiangazi kimekaza, mikono ikiwa bado inanuka majani ya nyanya, sikio la kulia lilimwasha juu kabisa, kwenye ukingo. Akalikuna. Kidole kikakutana na kitu kile kile: kigumu pembeni, laini katikati. Akautoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Akaurudisha. Mambo yalikuwa vile vile. Vidole ambavyo havikuwahi kumdanganya kwenye boksi visingeanzia uongo sikioni. Alipoviangalia kwa karibu, pua ikikaribia kuvigusa, aliona damu.

Lamwaka alizaliwa bila rangi ya ngozi, katika kambi ya polisi ya Naguru, binti wa konstebo Onen aliyetoka kaskazini. Konstebo hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa mtoto huyu alikuwa na amri moja: kuanzia saa nne mpaka saa kumi, haonekani nje bila mikono mirefu na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Watoto wa kambi walimwita muzungu wa mission. Alilia, lakini kofia haikuvuliwa. Kisha baba alikufa, Lamwaka akiwa na miaka kumi na saba, na nyumba ya polisi si ya kurithi. Familia ilipewa siku mbili kuhama. Kofia ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na yeye hakurudi kuifuata.

Alianza na beseni moja la nyanya kando ya barabara. Miaka ishirini baadaye alikuwa na nafasi yake mwenyewe, maboksi kumi kwa siku na mwavuli mkubwa kama paa. Hayo hakupewa na mtu. Kofia hakuitaka tena, maana mteja hamwamini muuzaji asiyeonekana macho.

Na mwavuli, Kalerwe, ni wa bidhaa. Hilo halina mjadala. Nyanya ikikaa juani mpaka adhuhuri, jioni ni mchuzi. Mwanamke akikaa juani, ni mwanamke aliyesikia joto, basi. Kwa hiyo miavuli yote huinamishwa juu ya maboksi, na wenyewe hukaa pembeni kwenye vigoda, wakisogeza kivuli kila jua linapohama ili nyanya isiguswe. Lamwaka alikaa upande wa kulia wa maboksi, mahali anaposikia barabara vizuri, upande wake wa kulia ukiwa wazi. Miaka ishirini. Siku za mawingu hakukumbuka hata kama kuna jua. Chama cha watu wenye ngozi kama yake kiliwagawia mafuta ya kukinga jua mara mbili kwa mwaka, naye aliyatunza kama mfanyabiashara atunzavyo kitu cha thamani: aliyapaka siku za harusi na za mazishi.

Hofu yake ilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Abalo. Abalo alikuwa na ngozi kama yake, akichoma mahindi karibu na mzunguko wa barabara. Alitokwa na kidonda shingoni, akakifunga skafu mwaka mzima. Harufu iliposhinda skafu, ndugu wakampeleka hospitali. Akakatwa. Wiki tatu baadaye jeneza lake lilikuwa juu ya gari, linaelekea kaskazini. Tangu siku hiyo soko zima lilikuwa na sentensi moja: Abalo alikatwa, Abalo akafa. Lamwaka naye aliisema, tena kwa sauti.

Kwa hiyo alifanya lile ambalo kila muuzaji wa jumla hulifanya. Aligeuza doa chini. Alijifunga kitambaa kichwani mpaka chini ya masikio, akawa anawapa wateja shavu la kushoto. Kidonda kilifanya gamba, gamba likaanguka, kikatoa damu, kikafanya gamba jingine. Kila asubuhi mto ulikuwa na alama yake. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne, wa tano. Mtu akitaja hospitali hata kwa habari ya malaria, Lamwaka aliinuka akaenda kusogeza mwavuli.

Kilichomtoa mafichoni ni vidole. Vilianza kuogopa. Alipoingiza mkono katikati ya mbao na kukutana na kitu kigumu, aliutoa mkono kabla ya kufika chini. Siku moja ya mwezi wa sita alichukua maboksi mawili kwa Heritier, Mkongomani wa maboksi ya jumla, bila kupapasa kabisa. Heritier alisimama akimtazama kama mtu aliyeona ng'ombe anaruka, akamuuliza kama leo ni Krismasi. Kesho yake maboksi yote mawili yalikuwa yanachuruzika maji.

Firdaus aliona. Huyu alikuwa jirani yake sokoni kwa miaka kumi na mmoja, muuza vitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, wa ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walifika Buganda kutoka pwani na hawakurudi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula, na kile cha kambi cha Lamwaka kilimkera kama kijiwe kwenye mchele. Alizitazama zile nyanya, akamtazama mwenyewe.

"Ondoa hicho kitambaa."

"Niache na sikio yangu."

"Sikio langu. Mimi sijasema sikio, umesema wewe. Ondoa, mwenzangu."

Lamwaka akafungua. Firdaus hakushika mdomo wala hakumwita Mungu. Aliinama akalikagua sikio kama mtu anayekagua mzigo, akauliza kidonda ni cha tangu lini. Akaambiwa. 

"Wakikata, nakufa kama Abalo," Lamwaka alisema.

"Abalo alikwenda lini?"

"Si unajua. Mwaka jana, mwezi wa kumi."

"Siulizi mwezi. Alikwenda kidonda kina umri gani? Wewe ukileta nyanya sokoni jioni, zimeshalainika, ukakosa mnunuzi, utasema soko ndilo lililoziozesha?"

Lamwaka akaomba muda. Akasema wiki ijayo. Firdaus akasema kesho. Lamwaka akasema basi Jumatatu, mzigo wa Ijumaa ukiisha. Firdaus akachukua gunia, akaanza kufunika tangawizi yake, ingawa ilikuwa bado saa tano.

"Kesho asubuhi, na mimi sifungui. Tunakwenda wote."

Firdaus hakuwa amefunga meza yake hata siku aliyomzika mumewe. Siku ile alifungua saa tisa alasiri, akitoka makaburini. Lamwaka alijua kuna bei ukitajiwa huongezi neno. Alifunga kitambaa.

Kwenye kliniki ya ngozi, benchi lilikuwa limejaa, na kila mlango ulipofunguka Lamwaka alisikia vyuma vikigonga sahani ya chuma.  Mara mbili aliinuka kwenda chooni, na mara mbili Firdaus alimfuata akasimama mlangoni kama askari. Walipoitwa, daktari alikuwa mwanamke kijana, Aloyo, mwembamba, asiye na haraka. Hakuuliza kitu. Alivaa glavu, akaligusa sikio: kwanza ukingoni, akabonyeza, akazunguka, akaingia katikati. Lamwaka alikauka. Ule mguso aliujua. Ni wake mwenyewe, ule wa ndani ya maboksi.

"Mama, unauza nini?"

"Nyanya."

"Na unakaa kulia kwa bidhaa zako."

"Nani amekuambia?"

Aloyo aliushika mkono wa Lamwaka, akaupitisha juu ya shavu la mwenyewe la kushoto, kisha la kulia. La kushoto lilikuwa shavu la mtu. La kulia lilikwaruza kama turubai kuukuu, lina vipele, lina magamba madogo madogo mpaka kooni. Ulikuwa uso wake, na hakuwahi kuupapasa. Kwa muda wote ule alidhani ana kidonda kimoja. Sasa alihisi kama boksi zima limeshaguswa, limebaki kulainika.

Akafanya analolijua. Akaomba apewe dawa ya kupaka kwanza, mwezi mmoja tu, kisha ataona. Aloyo akachukua kalamu ya wino wa zambarau.

"Leo nakata hapa," alisema, akachora duara dogo kama punje ya haragwe. "Ukirudi baada ya mwezi, nitakata hapa." Kalamu ikashuka, ikachukua nusu ya sikio. "Ukikaa mpaka mwaka uishe, itakuwa hapa." Ncha baridi ikateremka taratibu nyuma ya taya, ikasimama shingoni.

Aloyo hakumjua Abalo. Lakini kalamu ilisimama pale pale palipokuwa na kidonda chake.

"Mimi sipunguzi, mama," Aloyo alisema.

Alikatwa siku ile ile. Sindano ya ganzi ilichoma, kisha hakukuwa na maumivu, ila sauti. Mkasi ukikata sikio la mtu, mwenye sikio husikia kuliko wote. Alishika kidole cha Firdaus mpaka Firdaus akamwambia akumbuke kuwa yeye hajapigwa ganzi.

Majibu yalichukua wiki mbili. Yalipokuja, Aloyo hakuyazungusha. Ilikuwa kansa. Kingo za kilichokatwa zilikuwa safi, imetoka yote. Lakini ngozi haisahau, alisema. Miaka ishirini imeshaandikwa shavuni, na hajui kama kuna nyingine inajiandaa. Arudi kila miezi mitatu. Mafuta kila asubuhi, na tena kila baada ya saa mbili, mawingu yawepo yasiwepo, kwa kuwa jua hupenya mawingu. Mikono mirefu. Kofia.

Akanunua kofia ya ukindu yenye ukingo mpana. Siku ya kwanza kuivaa, bodaboda mmoja alimuuliza kama ndege yake imemwacha. Akamjibu kwamba yeye imemwacha, lakini kuna wengine hata uwanjani hawakuruhusiwa kuingia. Kilichowashangaza zaidi wenzake ni mwavuli. Aliuinamisha juu ya kigoda. Nyanya alizifunika magunia yaliyolowana, akayamwagia maji kila saa. Baadhi ziliharibika, na wakamcheka. Aliwaacha wacheke. Vidole vyake vilirudi kufika chini ya boksi, maana sasa kila asubuhi, kabla ya nyanya, vilipita usoni mwake, masikioni, shingoni mbele, polepole, vikitafuta. 

Nyuma ya shingo hakuamini mikono yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Firdaus, kila Jumamosi kabla ya wateja. Jumamosi moja kidole cha Firdaus kilishuka kutoka kwenye nywele, kikafika chini ya kola, kikasimama.

Lamwaka alianza kugeuka. 

"Usijitikise," Firdaus alisema. Akabonyeza. Akakwaruza kwa ukucha. Kisha akaleta kidole mbele, karibu na jicho la Lamwaka, ili aone. Ilikuwa mbegu ya nyanya, imekauka ikamganda.

Hakuna aliyecheka. Firdaus alifuta kidole kwenye kanga, akainamisha shingo ya mwenzake tena, akaanza upya kutoka juu.