Mvua ya Ma Kokugonza

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo hunijia kila ninaposikia kijana akisifiwa kwamba anaandika vizuri. Siku hiyo niliulizwa swali moja tu mbele ya watu, na jibu lake lilikuwa neno moja. Mimi nikatoa jibu jingine. Sasa nina miaka mingi kuliko meno, nimesahau majina ya watu niliokula nao, lakini ile siku haijanitoka.

Nakueleza haya kwa sababu umeniletea hadithi yako ya mapenzi ya wakati wa Mwingereza. Nimeisoma yote, na miwani hii inayonibana pua. Umeandika vizuri, sikufichi. Lakini yule msichana mwenye gauni la maua, anayemsubiri karani pale gatini meli inapotia nanga, nimemtambua ukurasa wa pili tu. Ni bibi yako wa Bakoba. Hata lile kovu la kidevuni umeliacha palepale. Na mimi niliyekua naye mtaa mmoja najua kwamba mengine uliyoandika hukuambiwa na mtu. Basi kaa, chai ipo kwenye chupa, unisikilize.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, karani katika ghala la kahawa hapa mjini Bukoba. Baba yangu alikuwa mshonaji, mtu wa asili ya pwani, na cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza cha nyumba yetu hapa Hamugembe. Mama alikuwa Mhaya wa upande wa Muleba, aliyesilimu alipoolewa. Mimi nilikuwa na shati jeupe, kalamu ya wino mfukoni, na majivuno ambayo leo nikiyakumbuka naona haya. Gazeti moja la pwani lilikuwa limetangaza kwamba linatafuta hadithi za mapenzi za zama za Mjerumani, na sharti lake ni kwamba ziwe za kweli, zisiwe za kubuni. Niliposoma tangazo lile nikajiona tayari jina langu limepigwa chapa.

Kisa nilikipata kwa dada mkubwa wa mama yangu. Watu walimwita Ma Kokugonza, mimi nilimwita Mama mkubwa. Nilipopata likizo nilipanda lori la kahawa hadi upande wa Muleba, nikamkuta uani anachambua kahawa kwenye mkeka. Mume wake, Ta Rwegasira, alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Alimwachia mtoto mmoja, Mutalemwa, aliyekuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na ndiye mkubwa katika watoto wote wa marehemu. Kwa hiyo ndiye aliyekaa kwenye kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba na makaburi ya wazee. Mama mkubwa alikuwa akiishi kwa huyo mwanawe, naye alipenda sana kuongea.

Nikamuuliza kama aliwahi kumpenda mtu kabla ya Ta Rwegasira. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Akasema alikuwapo kijana mmoja, Kaijage. Wakati huo yeye alikuwa ameshachumbiwa na Ta Rwegasira, mtu mzima mwenye mguu wa kuchechemea. Vita vya Mjerumani na Mwingereza vikaanza, vijana wakakusanywa kuwa wapagazi, na Kaijage akawa mmoja wao. Siku ya kuondoka, Mama mkubwa alimpelekea ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye majani. Mvua ikawakuta kwenye rweya, zile nyasi za wazi nje ya migomba, wakakimbilia kibanda cha wachungaji. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri hadi jioni.

"Mkafanya nini?" nikamuuliza, na kalamu mkononi.

"Yeye alikula ndizi, mimi nilitazama mvua. Akaniuliza kama nitamkumbuka. Nikamwambia ndizi zitapoa." Akafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa nini. "Mvua ikakatika, akaenda zake na mimi nikaenda zangu. Hakurudi, bojo, mwanangu. Wala hakuna aliyetuambia amefia wapi."

Kisa ndicho hicho, mwanangu. Leo ningekiandika hivyohivyo, na ndizi zake, nikaona kwamba kimetosha. Lakini kijana wa miaka ishirini na moja anajua nini kuhusu mtu aliyeshindwa kusema? Mimi nilikiona kikavu. Niliporudi mjini nikakitia mafuta. Kaijage wangu alisema maneno matamu, marefu kama hotuba ya harusi. Msichana wangu alilia. Ndani ya kibanda nikawakumbatisha, na baada ya kuwakumbatisha nikawalaza, nikaandika kwamba mvua iliwafunika na hawakuwa tena watu wawili. Jina la Kaijage sikulibadili kwa sababu lilinipendeza. Msichana nikampa jina jingine, lakini kijiji ni kilekile, mchumba ni mtu mzima yuleyule mwenye mguu wa kuchechemea, hata mtoto wa kwanza aliyezaliwa baadaye nilimtaja.

Halafu nikaanza kusoma daftari langu kibarazani kwa baba. Watu walioleta nguo walikaa kusikiliza, na waliokwisha kuchukua nguo zao hawakuondoka. Baba alisimamisha cherehani. Kila mtu aliniuliza jambo lilelile, kama ni kweli. Nami nikajibu, kila neno ni kweli, nimelitoa kinywani mwa mwenyewe. Nilikuwa nimeshalisema mara nyingi hivi kwamba nilikaribia kuliamini.

Sasa hapa lazima nikueleze desturi, maana nyie wa siku hizi hamuijui. Kwa Wahaya wa zamani, mwanaume aliyemjua msichana kwanza ndiye aliyehesabiwa kuwa baba wa mtoto wake wa kwanza. Hata kama msichana aliolewa na mwingine, hata kama mimba iliingia kwa huyo mumewe, mtoto aliweza kuhesabiwa wa yule wa kwanza. Desturi hiyo ilikuwa imechakaa, makanisa yanaipinga, vijana wanaicheka. Lakini watu wakigombea kibanja, desturi iliyokufa hufufuka ikatembea. Na mimi niliijua. Usiseme kwamba nilikuwa mtoto wa mjini asiyejua mambo. Mama yangu alinieleza tangu nikiwa mdogo. Nilipokuwa naandika ile mvua niliikumbuka kabisa, nikasema moyoni, hii ni hadithi tu.

Ta Rwegasira alikuwa na mtoto mwingine wa kiume kwa mke wa pili, jina lake Byabato. Siku moja alikuja mjini kushonesha koti, akakaa kibarazani, akasikia. Jioni aliniomba daftari akasome nyumbani, nami nikampa kwa furaha, eti nimepata msomaji.

Wiki mbili baadaye nikaitwa Muleba kwenye baraza la mkungu, mkuu wa kijiji. Nilikuta watu wamejaa, daftari langu liko mezani. Byabato alikuwa amedai kwamba Mutalemwa si mtoto wa Ta Rwegasira kwa desturi, ni wa Kaijage, kwa hiyo hawezi kurithi kibanja. Karani wa baraza akasoma ile sura ya mvua kwa sauti, mwanangu, maneno yangu yote, na wazee wakawa wanaguna. Wanawake waliokaa pembeni walijifunika midomo. Mutalemwa aliinamisha kichwa kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Mama mkubwa akaulizwa. Akasimama, akasema yaleyale aliyoniambia, ndizi na mvua, kisha kila mtu kwake. Mzee mmoja akacheka waziwazi. Kutwa nzima, kijana na msichana kibandani, wanaangalia mvua? Watu wengine nao wakacheka. Hapo mkungu akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa, kwa sababu ya shati na kalamu.

"Kijana, wewe ni msomi. Haya ya kulala pamoja, mama yako mkubwa alikuambia, au umeyatunga?"

Nimetunga. Neno moja, mwanangu. Lingetosha.

Lakini nilitazama, nikaona wapo watu wanne watano wa kibarazani kwetu, waliotoka mjini kuja kusikiliza. Nikakumbuka gazeti na sharti lake. Nikaona nikisema nimetunga, hadithi imekufa, na mimi ni mwongo mbele ya Bukoba nzima. Sikutaka kumdhuru mtu, naapa. Nilitaka tu daftari langu liendelee kuwa la kweli. Nikasema, "Waitu, mzee wangu, niliandika nilivyosikia."

Mama mkubwa hakupiga kelele. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi. Kisha akakaa chini. Kibanja kikaenda kwa Byabato, na Mutalemwa akapewa muda wa kuvuna na kuondoka. Mama yangu mzazi aliposikia hakunisemesha mwezi mzima, na alipoanza tena hakuwahi kuniambia jambo lolote la nyumbani kwao mpaka anaingia kaburini.

Nilikaa miezi kadhaa nikijidanganya, kisha nikarudi kwa mkungu peke yangu. Nikamwambia nilisema uongo, nilitunga yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilipokuuliza ulikuwa na ulimi. Leo Byabato amejenga, na watu wameshakunywa lubisi yake, pombe ya ndizi za kibanja kilekile. Unataka nikaseme nini, kwamba baraza lilidanganywa na mtoto?" Akanirudishia daftari. Gazeti nalo, nilipolipelekea hadithi, halikunijibu hata mstari mmoja.

Mutalemwa alikwenda kisiwani Goziba kuvua samaki, mtu ambaye tangu azaliwe kazi yake ni migomba. Mama mkubwa akamfuata. Ilinichukua miaka miwili kupata moyo wa kwenda. Nilivuka kwa mtumbwi na wavuvi, nikatapika njia nzima, na kusema kweli nilifurahi kutapika, nikaona angalau naadhibiwa. Mutalemwa aliponiona aliendelea kushona wavu wake. Akanyoosha kidole tu kunionyesha alipo mama yake.

Alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda cha nyasi, amekonda. Nikapiga magoti. Hakusema niinuke, wala hakunifukuza. Aliingia ndani akatoka na kikapu kidogo, akanipa punje za kahawa nitafune, kama anavyopewa mgeni yeyote. Akaniambia ni za kibanja chake, alizichuma siku ya kuondoka na zimebaki hizo. Nilitafuna huku machozi yananitoka.

"Una lile daftari?" akaniuliza. Nilikuwa nalo, nilikusudia kulichoma mbele yake. Akasema, "Nisomee hiyo mvua. Siku ile barazani sikusikia vizuri."

Nikasoma. Sijawahi kusoma kwa shida namna ile. Maneno niliyoyaona matamu kibarazani yalinikwaruza koo moja moja. Yeye alisikiliza amefumba macho, na nilipofika pale Kaijage anapomwambia msichana kwamba akienda mwisho wa dunia atarudi kwa ajili yake, akainua mkono ninyamaze.

"Umemfanya aseme vizuri," akasema. "Kaijage hakujua kusema. Ningependa angesema." Kisha akafumbua macho, akanitazama kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. "Wamenihukumu kwa kukumbatiwa. Na mimi, mwanangu, sikukumbatiwa."

Alifariki hukohuko Goziba kabla ya Uhuru. Sikuandika tena hadithi. Watu hudhani niliacha kwa sababu ya kazi na watoto, nami huwaacha wadhani. Daftari lipo kabatini, sikulichoma. Naona kulichoma kungekuwa kujisamehe mwenyewe, na kazi hiyo haikuwa yangu.

Sasa mwanangu, sikuambii uache kuandika. Andika mapenzi ya zamani, watu wa zama zile nao walipenda, wasiachwe wakumbukwe kwa kodi na kahawa peke yake. Kubuni pia si dhambi. Lakini watu wa zamani unaowaona wamekwisha kupita, wengine bado wanakula mezani na wewe, na wana watoto, na wana mahali wanapolala kwa sababu tu jambo fulani halikutokea. Ukichukua kisa cha mtu, kipeleke mbele yake kabla hujakipeleka kwa watu. Pale alipokuachia kimya, usipajaze kwa sababu tu kalamu inawasha, maana hujui kile kimya kimeshikilia nini. Ukibuni, badili kijiji, badili mguu unaochechemea, ondoa lile kovu. Na siku mtu akikuuliza kama ni kweli, jibu hapohapo, usitazame nani amekuja kukusikiliza.

Kesho ni Jumapili. Nenda Bakoba, umsomee bibi yako ile sura ya gatini, taratibu, kwa maana masikio yake hayapo sawa. Akicheka, shukuru. Akisema haikuwa hivyo, ifute, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika na ulimi mwepesi zaidi wa kusema nimetunga. Akupe wasomaji wengi. Na akujalie uzee wako usiwe na daftari kabatini ambalo huwezi kulisoma wala kulichoma.