Ukuta Nyuma ya Lango

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya nyumba ya Kichina. Ndani ya lango ulisimama ukuta peke yake, na nikasikia tena harufu ya mawe yaliyolowa.

Tulipokuwa bado Congo, ng'ambo ya ziwa, mama alimfulia nguo Mchina aliyefundisha watu kulima mpunga. Vyumba vyake vilizunguka ua usio na paa, na nyuma ya lango alijenga ukuta wa mawe kama ule.

"Mama, hii ukuta ni ya nini?"

"Anasema ni ya kuzuia mizimu. Bale balikufa banatembeaka mbele tu, habajue kukata kona," mama alisema akicheka.

Mimi sikucheka. Baba alikuwa amezama ziwani, na mbele ya mlango wetu kulikuwa na uzio wa matete. Tuliporudi nyumbani niliung'oa.

"Weye mutoto, unabomoa lupango juu ya nini?"

"Juu papa yangu apite, arudi kwetu."

Mkono mama aliouinua kunipiga ulishuka polepole. Tuliketi mlangoni tukisikiliza maji, na uzio haukurudishwa.

Leo namshukuru Mungu, najua baba yuko mikononi mwake wala hahitaji mlango wangu. Lakini nyumba yangu hapa Nchelenge inatazama ziwa, na mjukuu alipotaka kujenga ukuta mbele yake kukinga upepo, nilimwambia ajenge ubavuni.