Fromaji Yangu Iko Terible

Neno moja la Kiingereza lilinigharimu vipande vitano vya kuonjesha, asubuhi mbili nzima na mandazi manne niliyomlipa jirani yangu kwa somo. Nimehesabu mara mbili; mandazi yalikuwa manne kweli.

Nauza fromaji, yaani jibini, sokoni Bunia, ya maziwa ya ng'ombe wa kule Boga. Siku hiyo alisimama mbele yangu mama wa Uganda aliyefungua hoteli mjini, anatafuta mtu wa kumletea fromaji kila Jumamosi. Mteja wa namna hiyo haji mara mbili. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kiingereza changu kidogo zaidi, basi nikachagua sifa kubwa kuliko zote tulizo nazo. Hapa kwetu muziki ukikukamata, iko terible. Sombe, majani ya muhogo, ikikolea mafuta, iko terible. Na kwa kuwa nilijua Waingereza nao wana neno hilo, nikajiona mwenye elimu.

"Madame, my fromage, terrible!" nikasema, kifua mbele. "Very, very terrible!"

Akaacha kutafuna kipande cha nne nilichomwonjesha. Akakitazama kipande, akanitazama mimi, akakirudisha kwenye sahani polepole, akaenda zake.

Jirani yangu muuza sombe, aliyekaa Uganda miaka ya vita, alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

"Weye baba! Umemuambia fromaji yako iko mubaya sana!"

"Mubaya? Si nimeisifu!"

"Umeisifu kwa Kifaransa ya kwetu. Kwa Kiingereza, terrible ni kitu ya kutupa."

"Na mimi nimeongeza very mbili."

"Soko nzima imesikia. Leta mandazi, nikufundishe good na bad."

Kesho yake nikaenda hotelini na fromaji mpya. Nikasema good mara moja tu, nisiharibu. Mama akacheka, kumbe mpishi wake, mzaliwa wa hapa, alikuwa amekwisha kumweleza maana ya terible yetu. Akaonja, safari hii akamaliza kipande.

"Not bad," akasema, akaagiza kumi kwa kila Jumamosi. Bei tutapanga nikileta za kwanza.

Nikatoka nikipiga mluzi, kisha nikasimama katikati ya njia. Si mbaya? Sokoni kwetu, mteja akisema "si mubaya", ameanza kukupunguzia bei. Jirani anasema ni sifa, lakini yeye si muuza fromaji. Ninyi mnaokijua Kiingereza, mnishauri kabla ya Jumamosi: niongeze bei kidogo, ao ninyamaze?